Sufuria Nambari Laki Moja

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga, maana kwetu hakuna anayeogopa, na aliyewahi kuogopa alishauriwa aache. Sitalitaja kwa sababu jina hilo limewekwa kwa ajili ya sherehe, na kulitumia siku za kawaida ni kulichakaza, na kuchakaza kitu chochote siku hizi ni kosa la jinai. Imekuwaje mpaka tukafika hapo, ndiyo habari yenyewe.

Mimi ni karani. Kazi yangu ni kupokea vitu vilivyoharibika, kuvifunga kibandiko chenye nambari na kuviandika kitabuni. Naitwa Mbaruku, lakini watu wengi wananiita Dirisha la Tatu, kwa kuwa hapo ndipo ninapokaa. Nimeitumikia wizara hii miaka kumi na tisa, sijachelewa kazini hata siku moja, na kusema kweli sijawahi kuona kitu kilichotoka kwetu kikiwa na hali afadhali kuliko kilivyoingia.

Zamani tulikuwa Wizara ya Urejelezaji. Kila kaya ilitakiwa kuleta kilo kumi na tano za taka kila mwezi, ziyeyushwe, zitengenezwe upya. Nia ilikuwa njema. Shida ni kwamba watu wetu hawana taka. Ndoo ikipasuka wanapandia mchicha, kopo la maziwa linakuwa kibatari, tairi la gari linakuwa kandambili. Ikifika tarehe ishirini na nane ungewaona watu wazima wenye heshima zao wakihangaika kutafuta cha kutupa. Jirani yangu alinunua ndoo mpya dukani, akaivunja palepale mlangoni kwa jiwe, akaileta kwetu. Mwenye duka alipoona hivyo akatafuta jiwe zuri zaidi, akaliweka mlangoni kwa ajili ya wateja.

Ndoo hizo ziliyeyushwa zikawa ndoo nyingine, nyepesi kama ganda la ndizi, zikadumu wiki tatu tatu, zikarudi kuyeyushwa. Takwimu zilipanda hadi tukapewa nishani.

*

Kisha Waziri akasafiri.

Waziri wetu ni Mheshimiwa Balozi Daktari Injinia Lufungulo, na kila cheo hapo alikipata kwa sherehe yake. Alikwenda ng'ambo kwenye mkutano wa siku mbili, akakaa siku kumi na sita, akarudi na karatasi yenye kurasa thelathini. Hakungoja hata kushuka. Alihutubia akiwa juu ya ngazi za ndege, abiria wengine wamebanana nyuma yake na mizigo yao.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumekuwa tukianzia mwisho. Tunakingoja kitu kife, ndipo tunakikimbilia. Kuanzia leo kitu tutakishika tangu kingali udongo, tutakisindikiza kikiwa na afya, na tutakaa nacho hadi pumzi yake ya mwisho. Urejelezaji umekwisha. Sasa ni usimamizi endelevu wa malighafi."

Watu walipiga makofi. Waliokuwa mbele wakauliza kama zile kilo kumi na tano bado zinatakiwa. Walipoambiwa hapana, wakapiga makofi zaidi.

Ile karatasi niliisoma. Niliambiwa nitoe nakala nne, na kwa kuwa mashine ilikuwa mbovu nikainakili kwa mkono. Ilisema chimba kidogo, tengeneza kitu kigumu kitakachodumu, kitumie sana, kikiharibika kitengeneze, asiye nacho mwazime, na kuyeyusha kuwe ndilo jambo la mwisho kabisa. Niliinakili mara nne, na mara zote nne niliona ni kweli tupu. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilidhani sasa tutakaa kimya tuwaache watu wafanye walichokuwa wakifanya kabla hatujaanza kuwasaidia.

Kumbe bado. Kwanza tulibadilisha kibao cha langoni. Kisha tukachoma malori mawili ya karatasi zenye nembo ya zamani. Niliuliza kama tungeweza kuandikia upande wa nyuma, ulikuwa mweupe. Mkurugenzi Mkuu, Bwana Mtengule, akanitazama kwa huruma.

"Mbaruku, huo ni urejelezaji," akasema. "Tumeshatoka huko."

Baada ya hapo zikaundwa idara tatu. Idara ya Mwanzo ilipewa kazi ya kujua kila kitu kilitoka ardhi gani. Idara ya Maisha ilipewa kazi ya kujua kimetumikaje. Idara ya Hatima ilipewa kazi ya kujua kitakufa lini. Ikatungwa na kanuni: kitu chochote cha taasisi ya umma kikiharibika, kisiguswe na fundi wala mtu yeyote mpaka kipite idara zote tatu.

Mpaka hapo ningeweza kuvumilia. Balaa lilikuwa kwenye kipimo. Wizara yoyote lazima ipimwe, na yetu ikaamua kujipima kwa idadi ya vitu vilivyo chini ya usimamizi. Kitu kilicho nyumbani kwa mtu, kinatumika, kinapika, kinabeba maji, hicho hakisimamiwi na mtu. Kitu kilicho ghalani kwetu na kibandiko shingoni, hicho kimesimamiwa barabara. Kikitoka, idadi inapungua. Msomaji mwenye akili ameshaelewa, na Bwana Mtengule pia alielewa, ndiyo maana ghala lina mlango mpana wa kuingilia, na wa kutokea una kufuli ambayo ufunguo wake nao uliletwa kusajiliwa.

*

Jumanne moja asubuhi alifika dirishani kwangu mama mmoja amejitwika sufuria kubwa. Ile ya kupikia watu wengi, ukikaa ndani unaenea. Aliitua, akajifuta jasho kwa ncha ya khanga.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, baba. Naitwa Siwatu, mpishi wa Shule ya Msingi Mlandege. Sufuria ya uji imetoboka. Nataka mhuri tu, fundi ananingoja hapo ng'ambo."

Fundi aliyemsema ni mama mtu mzima aitwaye Sikudhani. Anakaa chini ya turubai mbele ya lango letu, ana nyundo, mkasi wa bati, tindo na rundo la vipande vya alumini, anatia masufuria vitako na viraka. Kuna masufuria mjini ameyatia vitako mara tatu, na bado yanapika wali wa harusi. Karatasi ya Waziri ilimweleza yeye vizuri kuliko ilivyomweleza mtu yeyote wizarani. Lakini alikuwa ameonywa kwa maandishi asiguse kitu cha umma bila mhuri wetu, kwa hiyo alipoletewa sufuria ya shule alimwambia Siwatu, "Mdogo wangu, ningekutilia sasa hivi. Ila wale wenye jengo wamenipa karatasi. Vuka ukapate mhuri, urudi. Nusu saa tu, watoto watakunywa uji wa saa nne."

Niliikagua. Tundu lilikuwa moja, upande wa kushoto, kidole gumba kinapita. Niliandika: Sufuria moja, alumini, yenye tundu moja upande wa kushoto. Nikaifunga kibandiko. Hapo Bi Siwatu akanyoosha mikono aichukue.

"Bado, mama," nikamwambia. "Inapita idara tatu kwanza."

"Zote ziko humu ndani?"

"Zote."

"Basi nangoja."

Akakaa kwenye benchi. Alikaa mpaka saa kumi jioni, mlinzi alipokuja kuniuliza yule mama naye ni wa kusajiliwa au vipi.

*

Idara ya Mwanzo ilitaka kujua alumini ile ilichimbwa wapi. Bi Siwatu aliitwa ahojiwe.

"Ilinunuliwa sokoni," akasema.

"Kabla ya soko?"

"Kabla ya soko mimi sikuwapo."

Wataalamu waliona jibu hilo lina upungufu. Ujumbe wa watu kumi na mmoja ukasafiri nchi ya mbali yenye migodi, ukakaa wiki tatu, ukarudi na picha na taarifa yenye jalada gumu. Taarifa ilisema udongo wa huko ni mwekundu. Sufuria ikapigwa mhuri wa kwanza, mwezi wa tatu ukiwa unakatika.

Idara ya Maisha ilitaka kujua sufuria imekorogwa mara ngapi tangu inunuliwe. Kwa kuwa hakuna aliyehesabu, aliajiriwa mtu wa kuikoroga ikiwa tupu, kutwa, kwa siku arobaini, ili ipatikane wastani. Alikuwa mtu mwenye bidii. Alikoroga hewa kwa mwiko wa serikali kuanzia saa mbili hadi saa tisa na nusu, akipumzika saa ya chakula, na mwisho akaomba likizo kwa ajili ya bega.

Siku moja nilitumwa shuleni Mlandege nikaandike historia ya sufuria kwa mdomo wa wanaoijua. Nilifika saa nne, saa ya uji. Bi Siwatu alikuwa jikoni na sufuria aliyoileta kutoka nyumbani kwake, ya kupikia familia. Inatoa vikombe ishirini. Akipika mara mbili wanakunywa watoto arobaini, na shule ina watoto mia nne. Kwa hiyo alikuwa amewapanga kwa zamu, kila mtoto mara moja katika wiki mbili za shule. Zamu ziliandikwa kwa chaki ukutani. Watoto ambao si zamu yao walikuwa wamekaa nje, upande usiofikiwa na upepo wa jikoni. Walikuwa wameuchagua wenyewe.

"Mwalimu anasema baada ya mapumziko hakuna anayemsikiliza," Bi Siwatu aliniambia. "Wengine hawaji tena. Wa njia ya mtoni ndio walioanza kukosa. Kule nyumbani hakuna cha asubuhi, walikuwa wakija kwa ajili ya uji, na mimi nilikuwa najua, na mwalimu anajua. Sasa waje kufuata nini?"

Nilifungua fomu, nikamuuliza kama sufuria iliwahi kuugua kabla ya kutoboka, maana swali hilo lilikuwapo. Akanitazama.

"Kaka Mbaruku, hilo swali umelitunga wewe?"

"Hapana, mama."

"Basi liandikie lolote."

Niliandika kwamba haikuwahi kuugua. Nikarudi mjini na hasira ambayo nilishindwa kujua niitue wapi, maana hasira haina dirisha.

Kesho yake nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa miaka kumi na tisa. Niliandika waraka. Nikaeleza, kwa adabu zote, kwamba ile karatasi ya Waziri inasema kitu kikiharibika kitengenezwe. Kwamba anayejua kukitengeneza amekaa hatua arobaini kutoka langoni kwetu. Kwamba kazi yenyewe ni ya nusu saa. Na kwamba watoto mia nne wanangoja. Niliupeleka kwa Bwana Mtengule. Ulirudi baada ya siku tisa ukiwa na kibandiko. Waraka ni karatasi, na karatasi ni malighafi. Ulikuwa kitu nambari elfu tisini na nane, mia saba na mbili, na uliagizwa upelekwe ghalani. Niliusajili mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

*

Idara ya Hatima iliitazama sufuria kwa miezi miwili, ikaandika kwamba itakufa siku moja. Huo ulikuwa mhuri wa tatu. Nilishuka ngazi mbio, umri wangu huu, nikampelekea habari Sikudhani, naye akatoa nyundo yake tayari. Nilipopanda tena nikamkuta Bwana Mtengule amesimama mbele ya kitabu changu, anatabasamu.

Vitu vilikuwa vimefika tisini na tisa elfu, mia tisa tisini na tisa. Kilibaki kimoja tu tutimize laki. Na Bwana Mtengule, aliyekuwa akipitia kurasa, alikuwa amegundua kwamba ile sufuria, kwa kuwa ilizunguka idara zote, haikuwahi kupewa nambari ya ghala. Kibandiko chake kilikuwa cha muda.

"Sufuria ya watoto," alisema polepole, kama mtu anayeonja kitu kitamu. "Mbaruku, Waziri atalia machozi."

Ikatangazwa sherehe.

Walijenga jukwaa mbele ya ghala, wakatandika zulia jekundu, wakaiweka sufuria juu ya meza na kuifunika kitambaa cha mahameli. Fundi Sikudhani alialikwa kama maonyesho. Aliwekwa kando ya meza hiyo na zana zake zote, chini ya bango lililoandikwa Maarifa ya Asili, akaambiwa agonge sahani polepole kamera zikimwelekea. Wanafunzi wa Mlandege waliletwa kuimba wimbo wa kuisifu sufuria. Walikuja kwa miguu, kilomita sita, wakiongozwa na Bi Siwatu, na kila mmoja ameshika kikombe. Walikuwa wameambiwa sufuria yao inatolewa mbele ya Waziri. Sasa mtoto akisikia sufuria inatolewa, ataacha kikombe nyumbani kwa nini?

Hotuba ilikuwa na kurasa arobaini na mbili. Waziri alianza na udongo mwekundu. Alipofika ukurasa wa tatu, Bi Siwatu alimwendea Sikudhani, wakaongea kidogo. Ukurasa wa nne, kitambaa cha mahameli kilikuwa chini na sufuria imepinduliwa mapajani mwa fundi.

Mimi niliona. Mlinzi wa itifaki naye aliona, akadhani ni sehemu ya ratiba, na mimi sikumwambia lolote. Sikudhani alikata kipande cha alumini, akakizungusha kikaenea, akatoboa pembeni, akapachika ribiti, vile vimisumari vya kubania bati, moja baada ya nyingine, akaanza kugonga. Waziri alisikia nyundo, akafurahi. Alipandisha sauti na kuanza kusoma kwa kufuata mapigo. "Tutakilinda," anasema, nyundo inajibu. "Tutakienzi," nyundo inajibu. Ilikuwa hotuba yake nzuri kuliko zote.

Ukurasa wa kumi na nane nyundo ilinyamaza. Bi Siwatu alizichukua zile chupa za maji zilizopangwa mbele ya waheshimiwa, akazifungua moja moja, akamimina ndani ya sufuria. Ikajaa hadi nusu. Wawili hao wakaiinua juu kwa masikio yake, watu wote wakaangalia chini yake. Hapakudondoka tone.

Kwanza walipiga makofi watoto. Kisha wazazi, kisha madereva wa waheshimiwa, kisha waheshimiwa wenyewe waliokuwa wamesinzia. Watoto wakaanza kusogea na vikombe vyao, wamejipanga vizuri, wadogo mbele, walivyofundishwa. Nami nilikuwa nikipiga makofi. Viganja viliniuma.

Bwana Mtengule alimnong'oneza Waziri. Waziri akafunga hotuba yake, akakohoa.

"Ndugu wananchi," alisema kwa upole mkubwa, "nimeguswa. Lakini kuna jambo la utaratibu. Kitabu kinasema sufuria yenye tundu moja, upande wa kushoto. Je, hapa ipo sufuria yenye tundu?"

Aliangalia huku na huku, kama mtu anayeitafuta.

"Haipo. Maana yake sufuria ya shule imepotea. Kitu cha laki moja hakipo, na wageni wetu wa ng'ambo wamekwishapelekewa habari kwamba kipo. Hatuwezi kuanza zama mpya kwa uongo. Naomba sufuria irudishwe katika hali yake."

Bwana Mtengule alimgeukia Sikudhani, akamwonyesha kiraka kwa kidole. Sikudhani aliweka nyundo chini.

"Mimi natia, baba," alisema. "Kutoboa sikufundishwa."

Aliagizwa mara ya pili, akajibu hivyohivyo. Alitolewa na askari wawili, akiwa bado amevaa aproni yake. Kisha Bwana Mtengule akauliza nani mwandishi wa kitabu, na watu wote wa wizara wakanitazama mimi. Walikuwa sahihi, maneno yale niliyaandika mimi.

Maji yalimwagwa zuliani. Sufuria ikapinduliwa juu ya meza. Nikapewa tindo na nyundo ya Sikudhani, mpini wake ulikuwa na joto bado. Nilitafuta pale nilipoandika, upande wa kushoto. Nilipiga. Pigo la kwanza halikuingia, wala la pili. Kazi ya Sikudhani ni imara. La tatu liliacha alama. Ilinibidi nivue koti. Nilipiga mara kumi na moja kabla kiraka hakijafunguka, na hakuna mtoto aliyeondoka kwenye mstari. Walidhani ni namna nyingine ya kutengeneza.

Ili kupata uhakika, Bwana Mtengule aliagiza maji yamiminwe tena. Yakavuja, upande wa kushoto, kama ilivyoandikwa. Waziri alipiga makofi na kufungua ukurasa wa kumi na tisa.

Bi Siwatu alikuja mpaka pale nilipokuwa navaa koti langu. Nilijua atanitukana, nikasimama wima ili anitukane vizuri.

"Kaka Mbaruku," aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "wewe leo umekunywa chai?"

"Nimekunywa, mama."

"Na kitafunio?"

"Maandazi mawili."

"Haya," akasema, "afadhali." Akaenda mbele ya mstari, akamwinamia mtoto wa kwanza, akaanza kuwaambia waweke vikombe mifukoni.